Tano kwa Mbili

Shibanda ameulaza msumeno juu ya meza yangu
kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa,
akarudi nyuma, akavua kofia.
Barabara ya Kirinyaga, saa nne asubuhi,
mvua ya jana bado imo kwenye mashimo ya lami
na spika ya duka la betri imeshaanza kubweka.

"Umenifia juu ya mti, Mama Kavindu.
Jakaranda, kule Kileleshwa, tawi la tatu.
Ulilia kwanza, sauti nyembamba,
kisha ukanyamaza. Kamba haivutiki."

Simjibu. Nafungua ekzosi, skrubu mbili,
namulika kwa tochi ya simu:
pistoni imechanika upande wa kutokea moshi,
michirizi ya wima,
kama paka aliyefungiwa humo usiku kucha.
Namsogezea tochi aone mwenyewe.

"Ulichanganya vipi?"
"Kama alivyochanganya Mukolwe."
Anainua jerikeni. Ubavuni, kwa wino mzito,
mwandiko wa kaka yake aliyehamia Kitale:
5 kwa 2.

Lita tano za petroli. Hapo hakukosea.
Mbili ndiyo iliyomponza.
Mbili za nini?
Alitwaa kizibo cha soda,
akapima viwili, akafunga, akaenda kazini
roho imetulia.

Mukolwe nilimjua. Hakuwa mtu wa maneno mengi,
hata ya kuandika.
Alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, mililita mia,
lebo imebanduka, imefungwa kwa uzi kwenye mshikio
isipotee katika vumbi la mbao.
Uzi bado upo.
Mwisho wake hauna kitu.

Shibanda anaushika, anauzungusha kidoleni.
"Nilidhani ni wa kufungia mzigo."

Sikiliza basi. Hii mipya inayong'aa ng'ambo ya barabara
inakunywa moja kwa hamsini,
chupa moja kwa lita tano, inatosha,
na oili iwe ya injini ndogo, ile inayokubali kuungua,
si ya gari, hata dereva akikupa bure.
Lakini huu wako ni mzee.
Ulizaliwa kabla yako, na waliouunda walisema
moja kwa ishirini na tano.
Chupa mbili. Koo lake kavu.

"Nitauwekea tano," anasema haraka.
"Nitauwekea nusu lita, usilie tena."

Aa. Hilo nililifanya mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa,
kwa msumeno wa bwana mmoja wa Dagoretti.
Niliuonea huruma, nikamimina.
Moshi ulitanda hadi wa duka la betri akaja na ndoo ya maji.
Plagi ilitoka imelowa, nyeusi tii,
na mwenyewe akaniuliza
kama nimeutengeneza au nimeukaanga.

Shibanda anacheka, mara ya kwanza leo.
"Kwa hiyo ni kama mapenzi, yakizidi..."
Koma hapo. Usinigeuzie oili iwe methali.
Oili ni mililita.

Pistoni mpya ataniletea pesa zake mara mbili,
nusu Ijumaa, nusu Mungu akijalia.
Simu yake inalia: mwenye jakaranda.
Tawi limekatwa nusu, linaning'inia juu ya geti,
na gari haliwezi kutoka.
"Kesho kutwa, mama," anasema, "kesho kutwa,"
huku akinitazama mimi, si simu.

Rafuni kuna chupa ya Kavindu, kikohozi cha Juni.
Naisuuza kwa petroli, naifunga kwenye uzi uleule.
Halafu nachukua kalamu
na baada ya ile 2 ya Mukolwe
naongeza neno moja, herufi kubwa:
CHUPA.

"Na utikise kabla ya kujaza," namwambia,
"oili hukaa chini ikisahauliwa."
Ameondoka na jerikeni tupu.
Namsikia mpaka kwenye kona,
anaitikisa.